UZI: Siku tatu juu ya mchanga mtupu, na jinsi "saa 5" yangu ilivyotuzamisha

#1 KijanaWaDonholm

Habari za jioni wakuu. Stima imerudi hapa Donholm sasa hivi, acha niandike kabla haijapotea tena.

Juma lililopita kwenye ule uzi wa safari ya jangwa la Chalbi kuna mtu aliuliza kama humu yuko aliyewahi kuendesha gari juu ya mchanga mtupu. Si barabara ya vumbi yenye mchanga hapa na pale. Mchanga wenyewe: unaendesha juu yake, unalala juu yake, unautafuna kwenye ugali, na siku nne baadaye bado unautoa masikioni. Nikajibu "nimewahi" nikadhani yameisha. Watu wamenitumia ujumbe mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja. Basi someni wote hapa. Nitaandika kwa vipande kwa sababu kesho niko kazini.

Nilikuwa nasoma Brisbane, Australia. Ikaja likizo fupi ya mwezi wa tisa. Pale tulipokuwa tukikaa palijaa vijana wa begi mgongoni, wale wanaozunguka dunia na jozi mbili za soksi. Tukajikuta sita: mimi, Mbrazili mmoja (dada mkakamavu, mtamsikia), Wajerumani wawili, Mfaransa na Mkorea. Tukakodi Landcruiser kuukuu kwenda kisiwa kinachoitwa K'gari. Wengi mnakijua kwa jina la zamani, Fraser Island. Hiyo K mwanzoni haitamkwi, kwa hivyo ukilisikia linakaribia sana neno letu "gari". Mama yangu aliponipigia nikamwambia naenda Gari kwa gari, akaniuliza kama nimekula.

Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyojengwa na mchanga. Urefu wake ni kama kilomita 120, yaani toka hapa mjini mpaka Gilgil hivi, na lami ya kuunganisha mahali na mahali hakuna. Upande wa mashariki kuna ufuo mmoja mrefu unaitwa 75 Mile Beach, na huo ufuo ndio barabara kuu.

Kwa sababu kule wanaendesha kushoto kama sisi na gari lilikuwa la gia za mkono, wote wakanigeukia mimi. Mkenya atajua. Mkenya alikuwa amewahi kuendesha Probox ya mjomba toka Embakasi hadi Machakos.

#2 Dere_wa_Rongai

Uzi bila picha ni hadithi za Abunuwasi. Lakini endelea, niko stejini nangoja gari ijae.

#3 KijanaWaDonholm

Picha nyingi zilikuwa kwenye simu iliyokunywa maji ya chumvi. Utaelewa mbele.

Tulivukia Inskip Point. Kivuko chenyewe ni cha dakika chache tu, bapa kama sinia, kinakuja kinaweka ulimi wake mchangani na wewe unapanda. Hakuna gati. Ukifika ng'ambo, Hook Point, unashuka kwenye mchanga moja kwa moja. Na kabla hata ya kupanda unakutana na mchanga laini pale pale Inskip, ambapo magari hukwama huku kivuko wanakiona kwa macho. Tulipita mawili yamelala kwa tumbo. Nikacheka. Nakiri nilicheka.

Kabla ya hapo lazima uwe na kibali cha gari na kibali cha kupiga kambi, na sisi kampuni iliyotukodishia (siitaji) ilituweka chini tutazame video ya maonyo kabla ya kutupa ufunguo. Wajerumani waliandika. Mimi nilikuwa natafuta chaja.

Sasa ufuo wenyewe. Jamani, ni barabara kamili. Mwendo wa juu ni 80, kuna mabango ya mwendo, polisi wanapima pale pale mchangani na hakuna kitu kidogo. Ukikutana na mwenzako unawasha indiketa kumwonyesha unapita upande gani, maana hakuna mstari. Na ndege ndogo hutua hapo hapo! Unaendesha zako, unaona kivuli, ndege inashuka mbele yako, unasogea kuipisha kama unavyopisha gari la wagonjwa pale Jogoo Road. Mkorea alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Na mchanga karibu na maji, maji yakiwa yametoka, ni mgumu kama sakafu. Unateleza tu. Nikajiona dereva wa Safari Rally.

#4 Dere_wa_Rongai

Swali. Nasikia mnatoa upepo kwenye tairi kwanza. Mimi nikiona tairi imelala najua ni pancha. Gari ikiwa imekwama si ndio unataka tairi ngumu?

#5 Fundi_wa_Grogan

Dere, hapana. Sikiza.

Tairi ya lami, presha 32 ama 35, inakanyaga mchanga kama kiatu cha mchuchumio. Uzito wote wa gari umekaa mahali padogo, lazima kisigino kizame. Ukitoa upepo mpaka 18 hivi, tairi inalala. Watu hufikiria inapanuka kwa upana, lakini hasa inarefuka: ile sehemu inayogusa chini inakuwa ndefu, mbele na nyuma, kama unyayo wa ngamia. Gari inaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Lakini usikate kona kwa ukali tairi zikiwa hivyo, itavuka rimu. Na ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla ya kukanyaga mafuta, kwa sababu tairi iliyolala kwa mwendo wa lami inachemka na kupasuka. Nimewatengeneza wengi waliotoka Magadi na tairi zimeiva.

#6 Mama_Wawili

Fundi kumbe bado mnasema Grogan? Si ni Kirinyaga Road tangu enzi?

#7 Fundi_wa_Grogan

Mama, kwa ramani ni Kirinyaga. Ukitafuta giaboksi ni Grogan.

#8 KijanaWaDonholm

Fundi umenifungulia mlango, maana hata kile kisiwa kina habari ya jina. Nitaifikia.

Usiku wa kwanza tulilala Dundubara, kaskazini kidogo. Kambi ile imezungushiwa ua, na ua si wa wezi. Ni wa dingo. Hawa ni mbwamwitu wa kule, rangi ya udongo, wembamba, wanatembea kama wenye shamba. Wenyeji wa asili, Wabutchulla, wanawaita wongari. Ukiwa nje ya ua unatembea na fimbo, wawili wawili, na hukimbii hata akikusogelea, kwa sababu akikuona unakimbia anakuona chakula. Kuwalisha ni faini inayozidi dola 2,000 za kule. Chakula hakikai kwenye hema hata biskuti, kinafungiwa garini. Hata dawa ya meno.

Mimi nilikuwa nimebeba unga wa ugali. Pale Brisbane kuna mtaa unaitwa Moorooka wenye maduka ya Waafrika, unga unapatikana. Jiko letu lilikuwa la gesi, kama meko ila dogo zaidi, kwa sababu moto wa kuni huruhusiwi kuuwasha popote upendapo. Mwaka 2020 moto mmoja wa kambi uliowashwa kinyume cha sheria ulitoroka na kuteketeza zaidi ya nusu ya kisiwa. Kwa hivyo hakuna nyama choma ya kujipangia. Nikasonga ugali kwenye sufuria nyembamba ya kambi inayozunguka ovyo, Mjerumani mmoja ameishikilia kwa soksi. Upepo ukaleta mchanga. Tuliula hivyo hivyo na dengu za kopo, unasikia *kru kru* kila ukitafuna. Mfaransa aliniuliza kwa adabu kama ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Begi langu la kulalia nililinunua Gikomba kabla sijaondoka Kenya, mtumba. Usiku ule nikasoma lebo, kumbe lilitoka Australia. Limerudi kwao kwa nauli yangu.

#9 Mama_Wawili

Hao dingo wameshaua mtu ama ni maneno ya kutisha watalii? Nauliza kwa sababu wangu ni wa miaka sita na tisa na baba yao ana hizi ndoto.

#10 KijanaWaDonholm

Mama, wameua. Mwaka 2001 walimuua mtoto wa miaka tisa, na tangu hapo sheria zikakazwa. Mwaka 2023 pia walimvamia mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi ufuoni. Maagizo ni kwamba mtoto awe umbali wa mkono wako kila wakati, hata kwenda msalani. Mbwa wa nyumbani hawaruhusiwi kabisa kisiwani, wasije wakachanganya damu na wale. Nenda nao, lakini mwambie baba yao hakuna kusinzia.

#11 KijanaWaDonholm

Haya, sasa ndio tunafika pale.

Kule mtu mwenye akili anaendesha ufuoni maji yakiwa yametoka. Kanuni wanayokupa ni kwamba saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada yake, usiwe ufuoni. Kwa hivyo kila jioni mtu mmoja anasoma jedwali la maji na kuandika. Mtu huyo alikuwa mimi. Kidaftari kilikaa juu ya dashibodi.

Na mimi, wakuu, nimeandika saa zetu tangu darasa la pili. Shajara yangu yote ni ya saa zetu. Nikaandika hivi, nakumbuka neno kwa neno:

*Kesho maji kujaa saa 5. Usiendeshe saa 3 – saa 7.*

Yaani saa tano asubuhi. Kujaa saa tano, ufuo unafungwa saa tatu, unafunguka saa saba mchana. Dada Mbrazili akauliza hayo maneno yana maana gani, nikamtafsiria neno "kujaa" na neno "usiendeshe". Namba sikumtafsiria. Nani hutafsiri namba?

Sikulala vizuri, dingo alikuwa akilia huko nje nusu ya usiku. Asubuhi nikawaambia nimechoka, endesheni nyinyi, nikajilaza kiti cha nyuma kabisa katikati ya mabegi. Dada Mbrazili, ambaye jioni iliyopita nilimfundisha gia, akatazama kidaftari: kujaa 5, usiendeshe 3 hadi 7. Kwake hiyo ni alasiri. Na namba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana hakushuku kitu. Akawaambia wenzake wana siku nzima, wanywe kahawa polepole.

Tukatoka Dundubara saa tatu na robo asubuhi. Yaani saa ile ile tuliyopaswa kuondoka ufuoni ndio tunaingia.

#12 Dere_wa_Rongai

Uuuwi. 😂😂 Buda ulimpa mtoto wa watu saa za Kiswahili.

#13 BintiShela

Subiri kwanza ndugu. Mwezi ulikuwaje?

#14 KijanaWaDonholm

Ulikuwa umepevuka siku mbili au tatu nyuma.

#15 BintiShela

Subhanallah. Basi hayo yalikuwa maji ya bamvua, wala si maji mafu. Mimi ni mtu wa Lamu, niko South C kwa kazi tu, na mambo haya kwetu anajua mtoto anayeokota chaza. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, na zile siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu, hayendi mbali wala hayarudi mbali. Na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Ungetazama mbinguni tu usingehitaji kidaftari.

Na huyo dada hana kosa. Kosa ni lako.

#16 KijanaWaDonholm

Dada, ni langu. Ndiyo maana naandika.

Nililala mpaka kwenye meli. Meli! Maheno, iliundwa mwaka 1905, ikawa ya hospitali kwenye Vita vya Kwanza, halafu mwaka 1935 ikawa inavutwa kwenda Japani kuuzwa chuma chakavu, dhoruba ikakata kamba na kuitupa pale. Imelala mpaka leo, kutu tupu, mbavu zinaonekana. Wakaniamsha tupige picha. Nikashuka na usingizi, nikaona mawimbi yako karibu na ile meli, nikafikiri tu ndio mandhari yake. Tukakaa dakika ishirini.

Tulipoondoka kuelekea Eli Creek ufuo ulikuwa umekuwa mwembamba. Ile sakafu ngumu imefunikwa. Dada akafanya jambo ambalo kila mtu angefanya, akapanda juu kuelekea kwenye vichuguu vya mchanga kukwepa maji, na juu huko mchanga ni laini kama unga wa ngano. Nikasikia injini ikiguna. Nikainuka. Akakanyaga mafuta zaidi. Nikapiga kelele "wacha wacha wacha!" kwa Kiswahili, na yeye akasikia sauti ya hofu akakanyaga zaidi.

Gari likakaa chini taratibu kama ngamia anayepiga magoti. Mlango nikaufungua ukagonga mchanga.

Nikatazama saa ya mkononi. Saa nne na dakika tano. Nikatazama kidaftari. Nikamtazama yeye. Nikamwonyesha namba 5 na kidole changu kikaelekea juani, na sikuhitaji kusema kingine. Alinitukana kwa Kireno kwa muda wa kutosha.

Tulikuwa na beleshi moja. Tukaanza kuchimba nyuma ya magurudumu, kwa sababu ndivyo tunavyochimba kwenye matope nyumbani. Wimbi la kwanza likafika tairi ya mbele kushoto, likarudi, likachukua mchanga wa chini yake. Gari likainama upande huo kidogo, kidole kimoja tu, lakini unakihisi tumboni. La pili likanipiga kiunoni nikiwa nimeinama. Simu ilikuwa mfuko wa mbele.

Dere, hizo ndizo picha zako.

#17 NyikaNaMchanga

Mimi ndiye mwenye ule uzi wa Chalbi. Nasoma hapa huku natokwa na jasho. Kule kwetu hakuna bahari lakini hadithi ni hiyo hiyo: Chalbi ikikauka unaruka 100 kwa saa, ikinyeshewa juu ni ukoko wa chumvi na chini ni uji. Lori linaweza kukaa juma zima. Mliokolewa na nani?

#18 KijanaWaDonholm

Mzee mmoja mvuvi. Kule wazee wengi huja na fimbo za kuvulia zimefungwa mbele ya gari wima kama milingoti. Huyu alikuwa amekaa juu kwenye vichuguu amesubiri maji yapwe kama mtu mwenye akili, akatuona. Akashuka na Landcruiser yake, kaptura, miguu mitupu, sigara haijawashwa mdomoni.

Nilitarajia atatugombeza. Hakutugombeza. Swali la kwanza, na karibu la pekee, lilikuwa: upepo wenu ni ngapi?

Nikasema 18. Geji tuliyopewa na gari ilisema 18. Akachomoa yake, akapima, akanionyesha bila kusema neno: 24. Akapima zote nne. Zote 24 na 25. Tangu Inskip tulikuwa tukiendesha na tairi ngumu, tukiponea kwa sababu tu mchanga ulikuwa na maji.

Akashusha mpaka 15. Akaninyang'anya beleshi akaanza kuchimba *mbele* ya magurudumu, na chini ya tumbo la gari, pale ambapo chesisi imekalia mchanga. Nikaelewa: gari haliendi nyuma, mbona nachimba nyuma? Akatoa mkanda wa kuvutia, ule unaonyumbuka, akaufunga, akatuambia watu wote wakae mbali sana kwa sababu ukikatika unaweza kuua. Akanipa mimi usukani. Gea ya pili ya chini, mguu mwepesi, usukani unyooke. Akavuta, tukatoka kwa sauti ya kama kizibo cha chupa.

Kazi yote labda dakika kumi na tano. Tulipogeuka kutazama, shimo letu lilikuwa tayari limejaa maji na povu, halionekani.

Alitupandisha juu pale alipokuwa, akazima gari, akawasha ile sigara. Tukakaa naye mpaka saa saba. Nikamwonyesha kidaftari na kumweleza jinsi saa zetu zinavyohesabiwa, kwamba kwetu siku inaanza jua linapochomoza, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Akafikiri. Akasema ni mpango wa maana kuliko wao. Halafu akasema lakini ukiwa na wageni chora jua.

Tangu siku hiyo kidaftari changu kina kijua au kimwezi kando ya kila saa. Mke wangu anadhani ni ushirikina.

#19 Fundi_wa_Grogan

Hiyo geji ni ile ya mshale, ya duara?

#20 KijanaWaDonholm

Hiyo hiyo.

#21 Fundi_wa_Grogan

Ikianguka mara moja imekwisha, inadanganya mpaka ufe. Chukua ile ya kijiti, ama pima kwa mbili tofauti.

Na gari iliyoguswa na chumvi je? Watu hawajui. Maji ya bahari yakiingia kwa breki, kwa beringi, kwa soketi za nyaya, leo hutaona kitu. Baada ya miezi ndio unaona altaneta imekufa, bolti hazifunguki, chesisi inamenyeka kama maganda ya muwa. Lazima uoshe chini yote kwa maji matamu siku ile ile.

#22 KijanaWaDonholm

Tulikosha mara mbili na bado kampuni ilikata pesa kwenye amana yetu, wakaingia chini na tochi wakatoka na mchanga kwenye kiganja kama ushahidi wa mahakamani. Geji yao nilipoitaja wakasema ni ya bure, haikuwa kwenye mkataba. Dada Mbrazili alibishana nao nusu saa. Tuligawana sita.

#23 Mama_Wawili

Pole. Lakini kisiwa chenyewe kina uzuri ama ni mateso tu?

#24 KijanaWaDonholm

Mama, nimeandika mateso kwa sababu ndiyo mliyoomba.

Ukiacha ufuo ukaingia ndani, unapanda njia za mchanga zenye mabonde, na ghafla uko kwenye msitu. Msitu mzito, miti mirefu ya kuinamisha shingo nyuma, juu ya mchanga! Mahali panaitwa Central Station kuna kijito, Wanggoolba, maji yake ni maangavu na yanapita juu ya mchanga bila sauti hata kidogo. Unasimama ukingoni ukidhani hakuna maji. Zamani walikata mbao hapo kwa miaka mingi, ikasimamishwa mwaka 1991, na mwaka uliofuata UNESCO wakakiandika kisiwa kuwa urithi wa dunia.

Halafu ziwa McKenzie, jina la wenyeji ni Boorangoora. Liko mita 100 hivi juu ya bahari, limebebwa na mchanga. Nikauliza maji hayazami mchangani vipi? Kumbe majani yaliyooza kwa karne nyingi yameshikana na mchanga chini yakawa kama bakuli, na mvua inajaa humo. Hakuna mto unaoingia wala kutoka. Mchanga wa kandokando ni mweupe mpaka unaumiza macho, mlaini, Mkorea alisugulia pete yake ikang'aa. Wanakuomba usiingie na mafuta ya jua mwilini kwa sababu maji hayo hayana pa kwenda.

Sisi sita tulikaa ndani ya maji yale mpaka vidole vikakunjamana, hakuna aliyesema neno juu ya saa.

#25 BintiShela

Hilo la mchanga kushika maji matamu mwalishangaa Australia, na liko kwetu. Vile vichuguu vya Shela ndivyo vinavyokunywa mvua na kuhifadhi maji ya visima vya mji wa Lamu. Mchanga ukiubeba ukaenda kujengea, au ukajenga nyumba juu yake, chumvi inaingia. Wazee wamepigania vichuguu vile miaka na miaka, na bado kuna wenye pesa wanaotaka kujenga roshani huko juu.

Ulisema utatueleza jina.

#26 KijanaWaDonholm

Kweli. Fraser lilitokana na nahodha mmoja na mkewe, Eliza, ambao meli yao ilivunjika mwaka 1836 wakafika huko kwa mashua. Eliza akaokoka, akarudi kwao akasimulia jinsi wenyeji walivyomtesa. Wabutchulla wanasema wao walimpa hifadhi, na simulizi zile ziliwaletea maafa. Basi kisiwa kikabeba jina la mtu aliyewasema vibaya kwa miaka karibu mia mbili. Mwaka 2023 serikali ya Queensland ikarudisha rasmi K'gari. Ni jina la roho wa kike katika masimulizi yao, aliyeomba abaki duniani akageuzwa kisiwa. Maziwa ndiyo macho yake.

Yule mvuvi, mzungu wa miaka sabini na kitu, nilimsikia akisema majina yote mawili katika sentensi moja. Kama Fundi na Grogan.

#27 Fundi_wa_Grogan

Mimi nimewekwa kwenye historia sasa. 😂

#28 Dere_wa_Rongai

Hapo kwa "kwetu siku inaanza jua linapochomoza" nimemsomea kondakta wangu. Anasema abiria mmoja Mzungu aliambiwa gari ya Namanga inatoka saa mbili, akaja saa nane. Alikuwa na hasira ajabu.

#29 NyikaNaMchanga

Sawa. KijanaWaDonholm, kiti kimoja kimebaki kwa safari ya Chalbi. Tunapitia Isiolo, Marsabit, Kargi, halafu Kalacha. Magari matatu, mabeleshi sita, tumejifunza. Kompresa ninayo. Uko?

#30 KijanaWaDonholm

Nilisema sitaki kurudia.

Mnatoka lini?

#31 NyikaNaMchanga

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 11, kituo cha mafuta pale Roysambu.

#32 KijanaWaDonholm

Saa 11 ya alfajiri au ya jioni?

#33 NyikaNaMchanga

Alfajiri. ☀️

#34 Fundi_wa_Grogan

Pitia kwangu Ijumaa nikupe geji ya kijiti. Ile ya mshale, kama bado unayo, usiipandishe kwa gari ya mtu.